Aliyekanda Mkate wa Posa

Mwaka wangu wa tatu chuoni sikuweza kukaa mahali pamoja. Hata kwenye basi la chuo, kutoka Al Khoudh mpaka kwetu Bawshar, humu humu Maskati, nilikuwa nikihama kiti mara mbili tatu, mpaka dereva akawa ananikodolea macho kwenye kioo. Mama alikuwa amekubali wageni waje kunitazama Jumatano alasiri, nami nilijua nikishaposwa, shahada ndiyo basi tena.

Asubuhi ya Jumatano hiyo mwalimu wetu wa historia ya lugha ya Kiingereza alikuwa amejaza ubao maneno ya nyumbani: maji, maziwa, moto, mkate. Hayo, alisema, Waingereza wameyarithi kwa Waanglo-Saksoni. Baadaye walikuja watawala wenye Kifaransa chao, wakaleta maneno ya mahakamani na ya karamu, lakini jikoni hawakufua dafu. Kisha akatuambia kuwa neno "lord", bwana mkubwa, asili yake ni mlinzi wa mkate, na "lady", bibi wa nyumba, asili yake ni mkandaji wa mkate. Mtumishi wao waliwahi kumwita mla mkate. Wenzangu waliandika tu. Mimi nilichemka.

Nikaingia nyumbani na hasira zangu moja kwa moja hadi jikoni. Mama alikuwa akikagua vikombe vya kahawa. Dada aliyetufanyia kazi, mtu wa Korogwe, alikuwa na mkono mzima ndani ya unga wa mkate wa ufuta. Kwa desturi yetu, mama wa mposaji huonja kitu alichopika binti mwenyewe. Mimi kwenye unga ni bure kabisa, kwa hiyo mama alikusudia kuupitisha mkate wa dada kuwa wangu.

Niliwamwagia somo lote, nikidhani mama ataona ubaya wake: mwanamke kupimwa kwa unga toka enzi hizo.

"Umeona?" mama akasema. "Hata wao wanajua. Bibi wa nyumba ni mkono wake. Nawe n'nakuozesha hujui hata kuumua."

Dada akacheka chinichini. "Basi bibi wa humu ni mimi, na mdogo wangu huyu ndiye mla mkate."

Mama hakucheka. Mimi nilicheka, ingawa maneno yale yaliniingia.

Mama alipotoka, dada aliacha kukanda. "Wakija wageni, usinitaje," aliniambia. "Mama akiaibika, nitakayefukuzwa ni mimi. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na watoto wangu wawili wanasoma kwa mshahara huu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Mama wa mposaji alikuja na ndugu yake wa kike. Akamega mkate, akatafuna polepole, akamega tena. "Mashaallah. Mkono huu hauna haja ya chuo, mwanangu. Tufunge ndoa kabla ya Ramadhani."

Mama akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Kiti kilinishinda, nikasimama.

"Mkate kaupika yule," nikasema, nikamnyooshea kidole dada aliyekuwa mlangoni na birika la kahawa. "Mimi sijaugusa."

Mgeni alijifuta vidole, kimoja kimoja. "Basi na asome kwanza," akamwambia mama. Kahawa hawakunywa, na hawakurudi tena. Nilipata nilichokitaka.

Mama alininunia siku tatu. Mkataba wa dada hakuuongeza. Nilimwangukia mama, nikamwambia kosa ni langu, mtu hana hatia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kukaa na mtu ambaye kila akimtazama anaiona ile siku. Mimi, binti yake, alikuwa hana pa kunipeleka.

Siku aliyoondoka dada nilikuwa na mtihani. Nilimbebea begi mpaka kwenye gari la kumpeleka uwanja wa ndege, nikilia, nikirudia kwamba sikusema uongo, kwamba nilisema kweli tupu.

Alichukua begi lake mkononi mwangu.

"Ungeweza kuwaambia hutaki kuolewa," alisema. "Hiyo nayo ilikuwa kweli."