Darubini ya Mwenyekiti

Verla angeweza kumtambua mwenyekiti wa klabu ya wawindaji hata kwa mbali, kwa namna alivyokaa. Wenzake hulala kifudifudi kwenye nyasi; yeye huja na kiti cha kukunja, mto wa kukalia na meza ya kuegemeza bunduki. Hulamba kidole na kupima upepo kwa makini, kana kwamba kindi wa mashimoni, mnyama anayeenea kiganjani, atamrudishia risasi. Kila anapoua hunong'ona, "Samahani, mdogo wangu," kisha hutabasamu.

Mwaka huu, katika shindano la kuwinda kindi, kombe aliloshikilia kwa miaka sita lilikuwa linamponyoka. Zilibaki dakika tatu, naye alikuwa na mikia arobaini na mmoja, kila mkia kwa kindi mmoja aliyeuawa. Verla, kwa bunduki kuukuu ya marehemu mumewe, alikuwa na arobaini na miwili. Ndipo kindi mmoja akachomoza hatua mbili mbele ya kiti, akasimama wima na kutafuna kipande cha mkate wa mwenyekiti. Mwenyekiti akainamia darubini ya bunduki. Ilikuwa darubini ya kuonea mita mia tatu. Kwa karibu hivyo ilimwonyesha ukungu wa manyoya tu. Akaizungusha huku, akaizungusha kule.

"Yuko miguuni pako, Bwana Mwenyekiti," Verla alisema.

"Namwona."

Filimbi ya mwisho ikalia. Kindi akaingia shimoni na mkate wake.

"Yule nimemwachia," mwenyekiti akawatangazia wote, akijifuta jasho. "Mwindaji lazima awe na huruma."

"Basi mwandikie," Verla akamwambia karani wa kuhesabu mikia. "Mikia arobaini na mmoja, na huruma moja."