Mchumba wangu alimpa shujaa wa tamthilia siri yangu

Admin, ficha jina langu, maana huku Masisi ukurasa huu unasomwa hata na wasiokuwa na simu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, ninalima maharagwe na viazi. Ninaishi Lushebere na mama yangu tangu tulipokimbia vita kutoka upande wa Kirolirwe miaka minne iliyopita. Nina mchumba, nitamwita Pascal. Wazee wamekwisha kukaa, mahari imekubaliwa, imebaki kubariki ndoa kanisani. Nimekasirika sana, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe.

Kazi ya Pascal ni kutafsiri filamu kwenye ukumbi wa video. Zinafika kutoka Goma kwa Kiingereza ambacho hatukijui, na yeye mwenyewe hakijui, lakini hiyo haijawahi kumzuia. Anakaa mbele na maikrofoni na kumsemea kila mtu kwa Kiswahili chetu. Kwetu mtafsiri mzuri ni yule anayetia chumvi. Mpelelezi anapewa jina la baba fulani wa sokoni, mwizi anakuwa mtu wa Kibua, watu wanavunjika mbavu. Nami nilikuwa nacheka nao.

Juma hili imefika tamthilia mpya ambayo shujaa wake ni mwanamke mwenye nguvu za ajabu. Pascal alinihifadhia nafasi ya mbele, nikaenda na mama mdogo wangu, mdogo wake mama. Sijawahi kuona ukumbi ule umejaa wanawake namna ile. Sitadanganya, niliipenda. Haikupita muda shujaa akainua lori lililopinduka kwa mkono mmoja, na mama mmoja mwenye duka, mtu wa Butembo, akasema, "Huyu bamulete ku barabara ya Walikale, atapata kazi kila siku." Tukacheka sana, maana kwenye barabara ile malori hulala matopeni. Nilipenda kwamba hakuna mwanaume aliyekuja kumwokoa, na kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kama sisi. Kasoro niliyoona ni kwamba anaruka angani siku nzima na nywele hazivurugiki. Wala hana mzigo hata mmoja mgongoni.

Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza alisimama peke yake mbele ya nyumba iliyoungua, akalia. Midomo aliisogeza kidogo tu. Hapo Pascal akapunguza sauti, akamsemea: "Mama alinituma nirudilie Bibi ku nyumba, juu alikuwa hawezi kutembea. Nilifika ku muto, nikasikia masasi, nikaogopa. Nikajificha mu mahindi. Kisha nikarudi kwa Mama nikamuambia, nimemukuta amekwisha kufa."

Ndugu zangu, hayo ni maneno yangu. Ni mimi niliyetumwa, na ni mimi niliyesikia risasi nikajificha kwenye mahindi mpaka jioni, sikufika hata kwenye ua. Kama Bibi alikuwa hai saa ile sijui, na sitajua. Majirani waliobaki ndio waliomzika. Kwa miaka minne sikumwambia mtu, hata padri kwenye kitubio, mpaka siku ile Pascal aliponiuliza kwa nini nalia nikiona mahindi. Nilimwambia kwa sababu nilidhani mtu utakayeolewa naye hupaswi kumficha kitu.

Ukumbi mzima ulilia. Mama mdogo hakulia. Alinitazama, kisha akarudisha macho kwenye televisheni. Bibi alikuwa mama yake mzazi.

Kesho yake nilimfuata Pascal. Hakukana hata kidogo. Akaniita mpenzi kama kawaida yake: "Sheri, sikutaja jina yako. Ule mwanamuke alikuwa analia tu, sikuelewa anasema nini. Nilitafuta maneno, njo hayo yalikuja."

Nikamuuliza, "Yalitoka wapi?"

"Huku watu bote balikimbia. Kila muntu atawaza ni yake."

Kisha akanieleza, na furaha usoni, kwamba mama mmoja wa kambi ya wakimbizi alikuja kumshukuru, kwamba naye aliacha mtu nyuma na hajawahi kusema. Anasema ameponya watu. Labda ni kweli. Lakini dawa hiyo ameichuma kwenye kidonda changu bila kuniomba ruhusa. Nilimwomba asiionyeshe tena tamthilia ile. Akasema haiwezekani, watu wengi waliikosa na amekwisha kuwaahidi Jumapili. Nikaona kwamba mtu niliyemwamini anapenda kupigiwa makofi kuliko anavyonipenda.

Hilo la Pascal nitalimaliza mwenyewe, mkinishauri nimwache ama nisimwache nitasikiliza. Kinachoniua ni kingine. Jana mama yangu alikuwa anachambua maharagwe, akaniambia bila hata kuinua kichwa, "Balinieleza mu filme ya mukwe wangu kuko bibi moja balimuacha ku nyumba. Siku ya Mungu tukitoka ku misa, unipeleke. Nami nilie kidogo. Mama yangu sikumulilia muzuri, juu kila mara nikitaka kulia nawaza: mutoto wangu alimukuta, alimufunga macho, hakukufa kama nyama ya pori. Asante, mwanangu."

Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Leo ni Ijumaa. Nyinyi mliozaa, na nyinyi mliowahi kuwadanganya wazazi wenu kwa kuwahurumia, niambieni: nimwambie kwa mdomo wangu kabla ya Jumapili, nimnyang'anye hata hicho kidogo kinachomfanya alale? Au nikae karibu naye pale mbele, nimshike mkono, nimwache asikie?