Maneno Aliyoongeza Protase

Mpaka anazeeka, Protase Mwijage hakuongeza hata neno moja kwenye tangazo alilopewa kusoma. Watu wa Muleba walimcheka kwa hilo, maana ujanani alikuwa msemaji haswa. Sababu waliijua watu wawili tu.

Mwaka 1973 alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kampeni ya afya ilipofika, alipewa karatasi ya kuwasomea watu wake: kila nyumba ichimbe choo, watoto wasiugue minyoo. Akaisoma Jumapili tatu, kwa sauti ya katekista. Watu wakampigia makofi, wakarudi kwenye migomba yao. Hakikuchimbwa choo hata kimoja.

Mabalozi wenzake wakaanza kumtania. Jumapili ya nne, baada ya misa, Protase alikunja karatasi akasema lililomjia kichwani: "Asiye na choo mwisho wa mwezi, kibanja chake atapewa mwingine."

Hilo halikuandikwa popote. Lakini Mhaya ukimtajia minyoo atakusikiliza kwa adabu tu. Mguse kibanja, shamba walimozikwa babu zake, uone. Wiki haikuisha, majembe yakasikika kila upande. Bwana afya alimsifu Protase mbele za watu, naye kichwa kikavimba.

Nyumba ya mwisho kukaguliwa ilikuwa ya Kokuhirwa, mjane asiye na mtoto. Kibanja chake kilikaa juu ya mwamba, na hakuna asiyejua hivyo. Protase alikuta choo kimesimama, kimeezekwa majani ya migomba. Akatafuta kaburi la Bartholomayo, mume wa yule mama, asilione.

"Mama, kaburi liko wapi?"

"Kila nilipochimba nilikuta jiwe," Kokuhirwa alisema bila kumtazama. "Pale alipolala mume wangu tu ndipo udongo ulikuwa laini. Nimechimba ubavuni pake, yeye sikumgusa. Ila mawe ya juu niliyaondoa. Waitu Balozi, hata yeye asingependa nifukuzwe." Kisha akauliza, "Sasa kibanja ni changu?"

Protase akaitikia ndiyo. Kokuhirwa akapiga magoti kumshukuru, na Protase akatamani ardhi immeze. Mtu anamshukuru kwa kupewa kilichokuwa chake!

Siku hiyo hakula. Kesho yake asubuhi aliwapitia wanaume wanne wenye mitaimbo, akawaambia tu, "Mama Kokuhirwa hana wa kumchimbia." Hakuna aliyeuliza swali. Kufikia saa kumi jioni walikuwa wameupasua mwamba upande wa pili wa nyumba, shimo jipya tayari, la zamani wamelifukia.

Wenzake walipoondoka, Protase alibaki kumsaidia mama kurudisha mawe ya kaburi. Hapo ndipo alipomweleza ukweli: kibanja hakikuwa hatarini hata siku moja. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya kutaka sifa.

Kokuhirwa aliliweka mahali pake jiwe alilokuwa nalo mkononi.

"Kumbe wangekuja," alisema. "Ungewaambia tu kwamba sina wa kunichimbia."

Protase aliinama, akamsogezea jiwe lingine.