Goti la Milembe

Milembe wa Migato alivunjika kifuniko cha goti kwa jambo lisilo hata na sifa ya kusimuliwa: aliteleza kisimani, ndoo ikaenda huku, yeye kule, goti likatua juu ya jiwe.

Hospitalini walimpasua, wakaunganisha vipande kwa pini mbili na waya. Daktari alimweleza kwa kurudia: mguu unyooke, asiukunje mpaka aambiwe, na kupiga goti asahau kwanza.

"Sasa wakwe nitawasalimiaje?" Milembe akauliza.

Daktari alicheka. Milembe hakucheka. Kulima asingelima, hilo alilikubali. Kuitwa mwanamke jeuri kwa miaka arobaini na miwili aliyonayo, hapana.

Hata hivyo alitii. Mumewe, Nyanda, ndiye shahidi, maana wiki nne nzima alisonga ugali yeye, na tuseme ukweli, ulikuwa na madonge.

Wiki ya tano, asubuhi, mzee Maganga, baba yake Nyanda, akaja kutoka Mwandoya kumjulia hali. Milembe alikuwa ameketi uani, mguu juu ya gunia la pamba. Tangu akili zimpate hajawahi kumsalimia mkubwa bila kupiga goti. Mazoea yana tabu. Mwili ulitangulia, akili ikabaki nyuma. Akashuka chini.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa Kisukuma.

Mzee alikuwa amekwishainua mkono. "Acha, mayu, mama yangu! Hilo ndilo nililokuja kukwambia, usipige..."

Kitu kikalia kama kijiti kikavu.

Milembe akasema haumii. Angesemaje mbele ya mgeni? Alisema hivyo siku tatu, mpaka kidonda kikafunguka, ncha ya pini ikachungulia kwenye ngozi, na usaha ukafuata. Alipasuliwa tena, vyuma vikatolewa, kidonda kikasafishwa, akachomwa sindano hadi akachoka kuzihesabu. Mguu ulipona. Goti halikukunjika tena.

Baada ya mavuno Nyanda akampeleka Mwandoya. Njia nzima Milembe aliogopa, basi. Walipofika, mzee alikuwa kwenye kigoda chake na wanawake wa ukoo wakimsalimia, mmoja mmoja, magoti chini. Zamu yake ikafika. Kumsalimia mkwe umesimama, naye ameketi chini yako, ni kumdharau mchana kweupe. Milembe akasita hatua nne mbali naye, fimbo mkononi, macho chini.

Mzee Maganga akamtazama. Kisha akashika mkongojo wake, akaanza kuinuka. Alichukua muda, kwani magoti yake nayo yana miaka themanini. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliponyooka, akamsogelea mpaka wakatazamana.

"Mwangaluka, mayu," akatangulia yeye.

Milembe akaitikia kwa machozi, amesimama.