Pumzi za Hoodo

Kila asubuhi, kabla ya kuitikia salamu ya mtu, shangazi yangu Weris hufukiza madumu yake kwa moshi wa vijinga vya mgunga, kisha hunusa ndani ya kila dumu. Siku hizi maziwa anayouza stendi ya Habaswein ni ya ngamia wa watu wengine. Wa kwake alikuwa mmoja tu, Hoodo, aliyebaki baada ya ukame kumaliza wenzake. Kwa maziwa yake nyumba nzima ilikula.

Mwaka jana Hoodo alivimba jipu chini ya taya hata akashindwa kutafuna. Weris akamwita Kinoti, daktari wa mifugo, kijana mpole kutoka Meru. Hapa hakuna mizani ya ngamia. Kinoti alimkadiria kwa macho, akamdunga dawa ya usingizi, akalipasua jipu. Lakini ngamia aliyekondeshwa na ukame huonekana mkubwa kwa mifupa tu, na dawa ilizidi.

Kazi ilikwisha, Hoodo hakuinua kichwa. Pumzi zake zikawa nzito, kisha zikaanza kuachana.

"Daktari, yeye nalala ama nakufa?" Weris aliuliza.

Kinoti alikuwa amepiga magoti, kiganja ubavuni mwa ngamia. "Mama, mwili una kemikali yake ya kushtua. Dawa hii hushika sehemu zile zile za ubongo zinazoipokea kemikali hiyo, ila yenyewe hutuliza. Ikizidi, hata pumzi hutulia. Ya kuizima iko Garissa."

"Garissa!" Nuh, shemeji yake Weris, alicheka bila furaha. "Umebeba ya kulaza, ya kuamsha umeacha? Wewe ni dereva gani, gari bila breki?"

Nuh alikuwa tayari na kisu. Hoodo akifa hivyo, bila kuchinjwa, angekuwa nyamafu, na hakuna ambaye angemwonja.

"Nyama itakuwa na dawa," Kinoti alisema.

"Na njaa ina nini?" Nuh akamgeukia Weris. "Abaayo, dada yangu, sema neno. Wallahi, tunachelewa."

Weris aliketi mchangani, akakipakata kile kichwa kizito ili mate yasimpalie ngamia.

Pumzi moja. Kimya kirefu. Pumzi nyingine.

"Bado," alisema.

"Abaayo, watoto!"

"Bado."

Kimya kilichofuata hakikukatika. Nuh aliinama na kisu chake. Kinoti akatikisa kichwa: alikuwa ameshakufa. Walimburuta Hoodo hadi nje ya mji, wakamwachia fisi. Watoto walilala kwa chai ya rangi. Tangu siku hiyo Nuh hajakanyaga kwa Weris.

Juzi, tukichambua mchele, nilimuuliza swali nililoliogopa mwaka mzima: kwa nini hakumruhusu Nuh amchinje?

"Alikuwa anapumua," alisema.