Uzito Wangu Nje ya Maji

Leo mwanangu amenibeba kama mtoto, nami nikamfundisha fizikia.

Nilitamani kuoga ziwani, hapa Wanyange, kabla sijafa. Akaniingiza majini, akanishika kwa mkono mmoja.

"Mzee, umekuwa mwepesi!"

"Afande," nikamtania, maana yeye ni askari magereza, "hayo ni maji yananisukuma juu. Nimelifundisha hilo darasani maisha yangu yote. Nitoe nje, utaujua uzito wangu!"

Akanitoa.

Hakuhema hata kidogo. Alisimama ufukweni amenibeba mikononi, akinitazama.

"Baba, si uliniambia unakula?"



Marafiki, hata ninyi niliwaambia naendelea vizuri. Si kweli. Chakula kimenishinda.

Mnaosema mtakuja Krismasi, njooni wiki hii.