Nilikubali Mke Wangu Aombewe Kama Marehemu, na Yuko Hai Naivasha

Wakuu, poleni na shughuli popote mlipo. Mimi humu huwa ni msomaji tu, kuandika naandika mara moja moja. Leo naandika kwa sababu kuna jambo nimelifanya na sina mtu wa kumwambia uso kwa uso. Ni kweli tupu, na zile sehemu zinazoniaibisha sijazipunguza makali.

Mkitaka kunitukana, ngojeni kwanza nifike mwisho.

Naishi Nakuru, upande wa Free Area. Nina mke na binti mmoja, Njeri, ambaye bado hajafikisha miaka mitatu. Nilikuwa dereva wa lori la maziwa hadi kampuni ilipopunguza watu, na mimi nikawa mmoja wa waliopunguzwa.

Mke wangu, tumwite Wairimu, akapata kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Yuko packhouse, pale maua yanapopangwa na kufungwa kabla ya kusafirishwa. Mwanamke ni mchapakazi, wakampandisha haraka akawa supervisor. Amepanga chumba huko huko, na nyumbani anakuja akipata siku ya off.

Kwa hivyo anayebaki na mtoto ni mimi. Napika uji, nafua, nampeleka kliniki. Hata kusuka nimejifunza (mistari minne ya kawaida, msicheke, haitoki mbaya).

Sasa mnajua watu wa ploti, majirani wa nyumba za kupanga. Mwanamume akionekana anaanika nepi, stori za siku nzima zimepatikana. "Baba Njeri, leo madam amekupa ruhusa utoke?" Jirani mmoja alikuwa ananiita auntie, eti auntie wa kulea. Nilikuwa nacheka pamoja nao, lakini nikiingia ndani na kufunga mlango nilikuwa naumia.

Kukimbia kulianza kwa bahati tu. Njeri halali mchana asiposukumwa. Nikapata kigari kwenye mitumba, kile cha magurudumu matatu makubwa yenye tube, na muuzaji akaniambia, "Hii ni ya kukimbia nayo, boss. Wazungu hukimbia nayo na mtoto ndani."

Nikaanza kwa kutembea, baadaye nikawa nakimbia polepole kuelekea Lanet. Kitambi cha lori kikaisha. Njeri akalala. Shida ilikuwa moja, vijana wa boda. Kila nikipita stage yao walikuwa wananipigia mbinja na kuuliza kama nimekaliwa na mke. Ikafika mahali nikawa natoka alfajiri ili niwapite kabla hawajafika.

Kisha nikasikia kanisa moja hapa town linaandaa mbio za kilomita kumi kuchangia wodi ya watoto. Nikamwambia Wairimu kama utani tu. Yeye akafurahi kuliko mimi. Alikuja na viatu vya kukimbilia alivyonichagulia Naivasha, akaniambia, "Enda na yeye. Mnitumie picha." Mwenyewe asingeweza kuja, ulikuwa msimu wa oda nyingi na Jumapili alikuwa kazini.

Shikeni hapo. Mke wangu ndiye aliyenituma.

Siku ya mbio tukaanza vizuri. Nakuru kuna wakimbiaji wa kweli, hao hatukuwaona tena baada ya kona ya kwanza. Mimi nilikuwa nyuma na akina mama wa kanisa na wazee wenye fimbo. Njeri yuko ndani ya kigari na kofia yake, anapungia watu mkono na kuniambia, "Baba, haraka!" Mlima wa Milimani ulinitoa pumzi, lakini nilikuwa na raha sana.

Tukafika mahali pa maji. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chupa akaacha kazi yake, akaja akainama kwa Njeri.

"Wooi, malaika. Na mamake ako wapi?"

Jibu lilikuwa rahisi. Ako job Naivasha. Nikafungua mdomo kusema hivyo, nikaona wanaume wawili waliokuwa wakibeba makreti wamesimama, wananiangalia, wanangoja kusikia. Nikaona kama nasikia mbinja za watu wa boda.

Huku kwetu mwanamume akiwa peke yake barabarani na mtoto mdogo hivyo, watu huwaza vitu viwili tu: ameachwa ama amefiwa. Cha tatu, kwamba mke yuko kazini na mume ndiye mlezi, hakimjii mtu kichwani.

Nikainamisha kichwa. Nikakitikisa polepole, bila kusema kitu.

"Haki pole," akasema yule mama. "Pole sana, baba. Mungu ndiye anajua." Akampangusa Njeri uso kwa leso yake. Wale wanaume wakavua kofia, mmoja akanishika bega.

Wakuu, nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Kwa mara ya kwanza tangu niachishwe kazi, wanaume wenzangu waliniangalia nikisukuma kile kigari na hawakucheka.

Nikaendelea kukimbia. Sikujua kwamba yule mama alikuwa ameshapiga simu mbele, kwa wenzake walio mwisho wa mbio.

Nilipokaribia mwisho nikakuta watu wamejipanga pande zote mbili, wanapiga makofi, wengine wananirekodi. Nikafikiri ni kwa sababu ya kigari. Ndipo nikasikia MC kwenye spika: "Huyu ndiye yule baba! Bibi yake alilala katika Bwana, lakini yeye hajamtupa mtoto! Mpigieni makofi, wapendwa!"

Hapo ningesimama niseme jamani mmekosea. Badala yake nikavuka ule mstari na MC akaniletea mic mdomoni.

"Pole, ndugu yetu. Mama alituacha lini?"

Nikasema, "Si kitambo."

Ndiyo. Kutikisa kichwa ningeweza kujitetea. Hayo maneno nilisema kwa mdomo wangu, kwa mic, watu wakasikia mpaka barabarani.

MC akamgeukia Njeri. "Na wewe, mrembo, mami ako wapi?"

"Mami ako Naivasha," akasema Njeri, sauti wazi kabisa. "Ameenda job."

Umati wote ukafanya "woooi". Kuna mama alikaa kwenye nyasi akaanza kulia. MC akashusha sauti, akasema, "Bado hajaambiwa, maskini." Siku ile yote mtu aliyesema ukweli pale alikuwa ni mtoto wa nepi, na mimi babake nilisimama hapo nikaacha ukweli wake ufanywe ujinga wa utotoni.

Mchungaji akaja, akaweka mkono mmoja kwangu na mwingine kwa mtoto. Akaomba Mungu ampumzishe mama ya Njeri mahali pema, na anipe mimi nguvu. Nikasema amina. Tena nililia. Machozi yalitoka kweli, si ya kuigiza, kwa sababu ya uchovu na kwa sababu ya kushikwa na watu vizuri baada ya kuchekwa miezi yote ile. Lakini ukiangalia video, unaona tu mjane wa kiume anaombewa.

Wakatupa unga, mafuta ya kupikia, nepi. Mwanamke mmoja alimvua mtoto wake sweta, akamvalisha Njeri. Nikaenda nyumbani na kigari kimejaa, simu imeisha chaji, nikaoga, tukalala mchana wote wawili.

Wakati sisi tumelala, video ilikuwa inatembea. Ikafika Kuresoi.

Kuresoi ndiko kwao Wairimu. Mama mkwe ana simu ya kawaida tu, lakini jirani yake ana ya kisasa, na akamwonyesha. Akaniona nalia. Akamwona mjukuu wake. Akasikia mchungaji akiombea marehemu.

Akampigia binti yake. Packhouse simu huachwa kwenye locker hadi shift iishe, kwa hivyo haikushikwa. Akanipigia mimi, sipatikani. Wenye watoto humu, jiwekeni mahali pa huyo mama.

Nilipoamka na kuweka simu chaji, missed calls zilikuwa zimejaa. Nikapiga, ikashikwa na shemeji yangu Kimani. Nyuma yake nilisikia wanawake wanaomboleza.

"Mwili uko wapi?" akaniuliza.

"Mwili gani?"

"Usinichezee! Dada yangu ako mochari gani?"

Nikamwambia Wairimu yuko hai, yuko kazini. Akasema basi nimpe simu aongee. Sikuwa na mtu wa kumpa simu. Nikaanza kueleza mambo ya mbio na kigari, akanikatia.

Wairimu alipotoka kazini akakuta simu yake imejaa rambirambi za kifo chake. Alimpigia mama yake kwanza. Mimi nilipata ujumbe tu: "Kesho asubuhi nakuja. Tunaenda kwa mum. Mtayarishe mtoto."

Tulipofika Kuresoi kulikuwa na ukungu. Uani kulikuwa na viti vya plastiki, masufuria makubwa, na magunia ya viazi ambayo majirani walileta, kama inavyofanywa kukiwa na msiba. Habari kwamba Wairimu yuko hai haikuwa imefikia kila mtu. Mama mmoja alikuwa anaingia getini na mzigo wa kuni mgongoni. Alipomwona Wairimu, aliangusha zile kuni akapiga nduru, akakimbilia barabarani.

Mama mkwe alimshika Wairimu uso, akamshika mikono, mabega, kama anayetafuta mahali ameumia. Kisha akanigeukia.

Mnajua mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Mimi hata kula mbele yake sijawahi.

"Simama ueleze hawa watu," akasema. "Waliacha kazi ya shamba juu yako."

Nikasimama. Nikaanza, "Kulikuwa na kutoelewana kidogo na watu wa kanisa..."

"Hapana," akasema. "Sema vile ilikuwa."

Basi nikasema. "Mke wangu ako hai. Anafanya kazi Naivasha. Mimi sina kazi, ni mimi nakaa na mtoto. Niliona haya kusema hivyo mbele ya watu, nikaacha waseme amekufa."

"Wale wa nyuma hawajasikia. Rudia."

Nikarudia. Nilikuwa natamani wacheke. Hakuna aliyecheka. Wengine waliinama chini kwa kunionea aibu, na Kimani akatoka akaenda kusimama huko kwenye viazi.

"Mimi baba yao alikufa kweli," mama mkwe akasema, polepole. "Nililima hili shamba na huyu mgongoni. Hakuna mtu alinipatia mic."

Wairimu hakuniongelesha siku nzima. Alipokuwa anarudi Naivasha ndipo akaniambia, mtoto amelala begani mwangu, "Nimeona video. Ulilia sana."

Nikamwambia nilikuwa nimechoka.

"Siku nikikufa kweli," akasema, "utalia na machozi gani?"

Tangu hapo akipiga simu, akisikia sauti yangu anasema, "Mpe mtoto." Namsikia akicheka na Njeri, kisha simu inakatwa.

Nimempigia mchungaji nikamwambia kila kitu. Akasema vitu nirudishe, na ukweli niende kuusema mbele ya watu wale wale, Jumapili kanisani, baada ya matangazo. Unga tulikuwa tumeanza kula, nimenunua mwingine. Sweta nimeifua nikaipiga pasi.

Funzo nililopata halinifurahishi. Nilikuwa nafikiri aibu yangu ni kukosa kazi na kusukuma kigari. Hayo hayakuwa aibu hata kidogo. Mtoto alikuwa msafi, ameshiba, anapungia watu mkono, na mama yake alikuwa amesimama siku nzima kwenye baridi ya packhouse ili tule. Hiyo ni familia inayojitahidi. Aibu niliitengeneza mwenyewe pale kwenye maji, nilipoona ni afadhali niwe nimefiwa kuliko niwe nimeolewa na mwanamke anayenilisha. Ndugu zangu mlio nyumbani na watoto, mkiulizwa mama yuko wapi, jibuni. Ni maneno matatu tu, na mimi yalinishinda.

Jana nikamwandikia Wairimu kumwambia nimekubali kusimama kanisani. Nakiri nilikuwa natarajia aniambie hata "sawa".

Alijibu hivi: "Nimeomba off. Nitakaa kiti cha mbele kabisa. Utasema ukiniangalia mimi, usiangalie mchungaji."

Ni Jumapili hii, wakuu. Sentensi ya kwanza imenishinda kuiandika, kwa hivyo aliyewahi kusimama mbele ya watu na jambo kama hili, anisaidie aliianzaje. Na wenye matusi waliosubiri, sasa leteni.